"Namalizia Hii Tu": Gemu, Ubongo na Kidole Kisichosimama

Mtoto wa dada yangu yuko kidato cha pili. Likizo ya Juni alikaa kwangu wiki tatu, na katika wiki hizo nilimsikia akisema "namalizia hii tu, mjomba" mara nyingi kuliko "shikamoo". Chakula kiko mezani: namalizia hii tu. Maji ya kuoga yanapoa: namalizia hii tu. Saa saba usiku, mwanga wa simu unacheza kwenye chandarua: naam mjomba, namalizia.

Mwanzoni niliamini ananidanganya. Siku moja nikavuta kiti, nikakaa pembeni yake kutazama. Kumbe hadanganyi. Gemu yake ni ya mtandaoni: makumi ya wachezaji wanashushwa kwa miavuli kwenye kisiwa kimoja, wanawindana mpaka ibaki timu moja. Haina kitufe cha kusimamisha. Ukitoka katikati, wenzako wanabaki pungufu na wewe unakatwa pointi. Kwa hiyo ile "hii" ilikuwa ya kweli kabisa. Uongo ulikuwa kwenye "tu". Mechi ilipoisha, kidole chake kilikuwa kimeshabonyeza nyingine kabla macho hayajamaliza kusoma matokeo.

"Si ulisema unamalizia ile?" nikamuuliza.

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini amepepesa macho. "Hata sijui, mjomba. Imeanza tu."

Nimelifikiria sana jibu hilo. Sisi wakubwa tuna maelezo mawili tuliyoyaweka tayari kwa watoto wa namna hii. La kwanza: gemu zimemharibu ubongo. La pili: hajaharibika chochote, hana adabu, na fimbo zipo. La kwanza linamwondolea mtoto wajibu wote, la pili linamtwisha wote. Nimezisoma tafiti za miaka ishirini na tano hivi zilizojaribu kuangalia ndani ya vichwa vya wachezaji, na sioni moja kati ya maelezo hayo likisimama. Ninachokiona ni kwamba gemu haikati breki ya ubongo. Inafanya mambo mawili mengine: inaongeza mteremko na inaondoa vituo. Wengi hufika chini salama. Anayeingia mtaroni mara nyingi ni yule ambaye breki zake zilikuwa zimelegea tangu nyumbani.

Tuanze na breki yenyewe, maana kuna namna ya kuipima. Mwaka 1984 Gordon Logan na William Cowan waliweka msingi wa kipimo kinachotumika hadi leo. Unakaa mbele ya kompyuta. Unatokea mshale, ukielekea kushoto unabonyeza kushoto, ukielekea kulia unabonyeza kulia, na unatakiwa kufanya haraka. Mara chache, mshale ukishatokea, unalia mlio wenye maana moja: usibonyeze. Mlio ukiwahi, kuacha ni rahisi. Ukichelewa kidogo, kidole kimeshaondoka. Kwa kuusogeza mlio huo mbele na nyuma, mtafiti anaweza kukokotoa muda ambao ubongo wako unahitaji ili kufuta amri uliyoitoa wenyewe. Kwa mtu mzima mwenye afya ni kama robo ya sekunde, mara nyingi pungufu.

Ndani ya robo hiyo ya sekunde kuna safari. Amri ya kuacha inatoka upande wa kulia wa sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, inashuka kwenye viini vidogo vilivyo ndani kabisa, na huko inaufunga mlango kabla tendo halijafika mkononi. Hiyo sehemu ya mbele ndiyo ya mwisho kukomaa katika ubongo wa binadamu. Inaendelea kujijenga mpaka mtu anapokaribia miaka 25. Ile inayochangamkia zawadi huamka mapema zaidi, wakati wa balehe. Mtoto wa kidato cha pili ana pikipiki ambayo injini imeshafungwa na breki bado ziko kwa fundi. Hilo si kosa la gemu yoyote. Ndivyo tulivyo wote, na ndiyo sababu mababu zetu hawakumkabidhi kijana wa miaka kumi na minne mashamba ya ukoo.

Ila neno "kujizuia" linabeba mizigo mingi. Kuzuia kidole kilichoshaanza kwenda ni jambo moja. Kusubiri ni lingine: nikikuambia uchukue elfu kumi leo au elfu ishirini mwezi ujao, unachagua nini? Kukataa kitu ambacho kimekuwa kikikuita kila siku kwa miaka miwili ni jambo la tatu. Mtu anaweza kuwa hodari katika la kwanza na dhaifu kabisa katika la tatu. Naomba msomaji alikumbuke hili, maana litatuokoa baadaye.

Sasa mteremko. Mwaka 1998 watafiti wa Hospitali ya Hammersmith, London, waliwalaza wanaume wanane kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo na kuwapa gemu ya kuendesha kifaru cha vita. Walipokuwa wakicheza, dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo hutumia kupashana habari, iliongezeka katika striatamu, ile sehemu ya ndani inayohusika na zawadi na mazoea, na kadiri mtu alivyocheza vizuri ndivyo ilivyoongezeka zaidi. Utafiti huo umenukuliwa duniani kote kama ushahidi kwamba gemu ni dawa za kulevya. Wanaonukuu husahau kwamba wanaume wale waliahidiwa fedha kwa kila hatua waliyovuka, na kwamba chakula kizuri na muziki navyo huamsha dopamini. Kuona dopamini na kupiga kelele "uraibu!" ni sawa na kuona moshi na kusema nyumba inaungua wakati mama anakaanga vitumbua.

Swali la maana ni dopamini hiyo inafanya kazi gani. Hapa kuna kazi nzuri ya Wolfram Schultz, aliyerekodi seli za neva za nyani katika miaka ya 1980 na 1990. Nyani akipewa sharubati bila kutarajia, seli za dopamini zinalipuka. Ukiwasha taa kabla ya sharubati mara kadhaa, seli zinahamia kwenye taa, na sharubati yenyewe haizishtui tena. Ukiwasha taa kisha ukamnyima, zinashuka chini ya kawaida yake. Kwa maneno mengine, seli hizi hazipimi utamu. Zinapima tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana. Zawadi unayoijua huzituliza, na usiyoijua itakuja lini huziweka macho muda wote.

Watengeneza gemu hawakuhitaji maabara kulijua hilo. B. F. Skinner alishaonyesha kwa njiwa wake, miongo mingi nyuma, kwamba ndege anayepewa punje baada ya midono isiyotabirika ndiye anayeng'ang'ania kudonoa kuliko wote, hata punje zikikatika. Sasa tazama simu ya kijana: kasha la bahati ambalo hujui lina nini, silaha nadra inayodondoka mara moja kwa siku nyingi, na kuishia wa pili. Hiyo ya kuishia wa pili ina ukatili wake. Mwaka 2009 Luke Clark na wenzake wa Cambridge walionyesha kwamba kukosa kidogo tu kwenye mashine ya kamari huamsha njia zile zile za zawadi zinazoamshwa na ushindi, na humtia mtu hamu ya kucheza tena, ingawa amekosa. Mpwa wangu aliyeshindwa mapema hutupa simu kitandani na kwenda kunywa maji. Anayebaki wa pili haendi popote.

Kama unataka kuona mteremko ukifanya kazi peke yake, bila gemu na bila ujana, nenda kwa wazee wenye ugonjwa wa Parkinson. Seli zao za dopamini zinakufa, hivyo madaktari huwapa dawa zinazoiga kazi yake. Mikono inatulia, mwendo unarudi. Lakini kuna wagonjwa waliogeuka: mzee aliyeishi miaka sitini bila kubeti anaanza kumaliza pensheni kwenye kamari, mwingine ananunua vitu asivyovihitaji, mwingine anaamka usiku kula. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010, wa wagonjwa zaidi ya 3,000 huko Marekani na Kanada, ulikuta karibu 14 katika kila 100 wakiwa na angalau tabia moja ya namna hiyo, na zaidi ni wale waliotumia dawa hizo. Dawa ikipunguzwa, wengi hutulia. Sasa niambie, nani aliwakosesha adabu wazee hawa? Msukumo uliongezwa mpaka breki za kawaida zikawa hazitoshi.

Lipo jambo moja zaidi, na hapa lugha yetu inatusaidia kwa sababu ina maneno mawili yaliyo wazi: kupenda na kutaka. Kent Berridge na Terry Robinson wa Chuo Kikuu cha Michigan walidai tangu mwaka 1993 kwamba ubongo unavitenganisha viwili hivyo. Panya walioondolewa dopamini bado wanaonyesha kwa midomo yao kwamba sukari ni tamu, ila hawatapiga hatua kuifuata. Kinyume chake kinawezekana: kutaka kunapanda na kupenda kunashuka. Mwangalie anayecheza saa tisa usiku. Uso wake hauna furaha. Umekunjamana kama wa mtu anayehesabu chenji asiyoiamini. Wazazi wengi husema "anaacha kulala kwa sababu ya starehe". Mimi naona starehe iliisha saa nne zilizopita.

Na breki? Hapa ndipo tafiti zinapogombana, na ugomvi wenyewe ndio wenye faida. Maabara nyingi, hasa za China na Korea Kusini, zimelinganisha vijana waliotambuliwa kuwa waraibu wa gemu na wenzao wasio waraibu. Kwa jumla waraibu hufanya makosa mengi zaidi wanapotakiwa kutobonyeza, huchagua zawadi ndogo ya leo mara nyingi zaidi kuliko kubwa ya kesho, na ubongo wao wa mbele hufanya kazi tofauti na wa wenzao. Wakionyeshwa picha za gemu wanayoipenda, sehemu zinazohusika na hamu huwaka. Habari za namna hii ndizo zinazofika magazetini na kugeuka kuwa "gemu zinaua ubongo".

Tatizo ni kwamba nyingi ya tafiti hizo ni picha ya siku moja. Zinakuonyesha kijana aliyelowa na mvua inayonyesha. Hazikuambii alilowa kabla ya kutoka nyumbani au baada. Watoto wenye tatizo la umakini na mahangaiko ya mwili, lile ambalo kitabibu linaitwa ADHD, wana breki dhaifu tangu utotoni, na ndio hao hao wanaonaswa zaidi na gemu. Mwaka 2009 madaktari wa Korea Kusini waliwapa watoto 62 wa aina hiyo, wote wachezaji wa gemu za mtandaoni, dawa ya kawaida ya ADHD kwa wiki nane. Muda wao mtandaoni ulipungua. Utafiti haukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo usiubebe kama msahafu. Lakini tazama unaelekeza wapi: hakuna aliyegusa gemu. Waliigusa breki.

Kisha likaja tokeo ambalo wahubiri wa pande zote hawakulipenda. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani, wakitumia takwimu za watoto wapatao 2,000 wa miaka 9 na 10, waliwalinganisha wasiocheza kabisa na wanaocheza saa tatu au zaidi kwa siku. Katika kipimo cha aina ile ile ya kuzuia kidole, wachezaji walifanya vizuri zaidi. Pia walifanya vizuri zaidi katika kumbukumbu ya muda mfupi. Wakati huo huo, alama zao za matatizo ya umakini na huzuni zilikuwa juu kidogo. Mwaka 2014 Simone Kühn wa Ujerumani alikuwa ameshaonyesha kwamba watu wazima waliocheza Super Mario 64 nusu saa kwa siku kwa miezi miwili waliongezeka ujazo katika maeneo kadhaa ya ubongo, likiwemo moja la mbele.

Je, gemu inalegeza breki au inazikaza? Rudi kwenye ile mizigo mitatu. Gemu za kasi ni mazoezi ya kuzuia kidole: usimpige mwenzako, piga adui, acha, sasa. Haishangazi mchezaji akafaulu mtihani wa kuzuia kidole. Mtihani huo unapima breki kwenye barabara tambarare, katika chumba kisicho na kishawishi, mtafiti amesimama na karatasi zake. Uraibu unaishi kwenye mzigo wa tatu, ule wa kukataa kinachokuita. Mpwa wangu angefaulu mtihani wa Logan na Cowan kwa alama za juu, nina hakika. Hautamsaidia saa saba usiku, simu ikiwa kiganjani na marafiki zake watatu wakimwita kwa majina.

Tena, wanaocheza ni wengi mno na waraibu ni wachache. Andrew Przybylski na wenzake wa Oxford walipopima sampuli kubwa za watu katika nchi nne na kuchapisha mwaka 2017, walikadiria kwamba wanaoweza kufikia kiwango cha ugonjwa ni kati ya asilimia 0.3 na 1 ya watu kwa jumla. Vipimo vingine hutoa idadi kubwa zaidi, kwa sababu kila mtu ana rula yake. Shirika la Afya Duniani limeweka rula katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022. Linataka mambo matatu: mtu ameshindwa kudhibiti uchezaji, gemu imepanda juu ya shughuli nyingine zote za maisha, na anaendelea au anazidisha licha ya madhara anayoyaona. Maisha yawe yameharibika kweli, na hali hiyo kwa kawaida iwe imedumu miezi 12. Likizo ya wiki tatu haihesabiki, dada yangu asiwe na wasiwasi. Na tafuta katika maelezo hayo idadi ya saa. Haimo.

Wapo watafiti walioupinga uamuzi huo tangu ulipokuwa rasimu, wakisema tunaugeuza mchezo wa watoto kuwa ugonjwa na kuusahau msongo au upweke unaouzaa. Nawaelewa. Lakini nimeona kijana mmoja aliyeacha chuo mwaka wa pili, na mama yake akizungushwa kwa waganga kwa sababu hakuna aliyekuwa na jina la kumpa. Jina lina kazi yake.

Serikali zilizohangaika na jambo hili kabla yetu hazikusubiri rula, zilishika saa. Korea Kusini ilikuwa na sababu za kuogopa. Mwaka 2005, mwanamume wa miaka 28 alifariki katika mji wa Daegu baada ya kucheza StarCraft kwa karibu saa 50 bila mapumziko ya maana. Mwaka 2011 ikapitishwa sheria iliyowafungia walio chini ya miaka 16 gemu za mtandaoni kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Miaka kumi baadaye serikali hiyo hiyo ikatangaza kuifuta. Watoto walikuwa wamehamia kwenye simu, ambazo sheria haikuzifikia vizuri, na walitumia namba za vitambulisho za wazazi.

China ikaenda mbali zaidi. Mwaka 2019 iliwawekea watoto dakika 90 kwa siku za kawaida. Mwaka 2021 ikabana mpaka saa moja, kuanzia saa mbili hadi saa tatu usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu peke yake. Kampuni zilitakiwa kuhakiki majina halisi, na Tencent, kampuni kubwa ya gemu ya huko, ilianza kukagua nyuso za wanaocheza usiku. Kisha mwaka 2023 watafiti waliopitia zaidi ya saa bilioni 7 za uchezaji huko China walichapisha walichokikuta kuhusu amri ile ya 2019: hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba uchezaji uliokithiri ulipungua. Ghafla bibi wa miaka sabini wamekuwa mahodari wa kulenga shabaha, maana akaunti ni zao.

Sidharau nia ya serikali hizo. Ila ziliipima mvua kwa ndoo na kuacha paa linalovuja. Saa moja ya gemu yenye mwanzo na mwisho si sawa na saa moja ya gemu iliyotengenezwa isiishe.

Ninajua kwa sababu nimecheza. Tulipokuwa wadogo, gemu ilikuwa bandani, televisheni mbili na viti vya plastiki, na tulilipia mechi. Sheria ilikuwa moja: aliyefungwa anapisha. Ukishafungwa unamwachia mwenzako pedi, unarudi mwisho wa foleni, na huko unapata muda wa kukumbuka kwamba ulitumwa mkaa. Hela ikiisha umeisha wewe. Jua likizama mwenye banda anazima jenereta bila kuomba radhi. Wazazi walilichukia lile banda, na kulikuwa na sababu, maana watoto walitoroka shule na wengine waliiba hela ya unga. Lakini banda lilikuwa limejaa vituo. Kila baada ya dakika kumi ulishushwa utake usitake, na ile sehemu ya mbele ya ubongo ikapata nafasi ya kusema neno.

Simu imeviondoa vyote. Hakuna foleni. Aliyefungwa hapishi, anaunganishwa kwenye mechi nyingine papo hapo. Mechi inayofuata inaanza kujihesabu yenyewe. Kuna zawadi ya kuingia kila siku, na ukiruka siku moja mnyororo unakatika na unarudi mwanzo. Hata bando, ambalo ndilo lililobaki kama mwenye banda wetu, sasa linauzwa la usiku kwa bei nafuu, saa ambazo breki ya kila mtu imechoka. Tafadhali usiniambie kijana huyu anahitaji nidhamu zaidi kabla hujaniambia ni sekunde ngapi amepewa za kuitumia.

Ndiyo maana nadhani kinachostahili sheria ni ufundi wa kunasa, na hasa pale unapogusana na fedha. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba makasha ya bahati yanayonunuliwa kwa fedha halisi ndani ya gemu ni kamari, na kampuni kadhaa zikayaondoa nchini humo. Si kwamba uamuzi huo umetekelezwa bila mianya, lakini umelenga mahali penyewe. Sisi kwa Kiswahili tunatenga "gemu" na "michezo ya kubahatisha" kama vile ni kabila mbili zisizooana. Katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ugonjwa wa kamari na ugonjwa wa gemu ni majirani wa mlango kwa mlango, 6C50 na 6C51. Na huku kwetu ukuta kati yao umeshabomoka: kijana wa Nairobi au Dar es Salaam anayetazama ndege ya Aviator ikipanda kwenye skrini, akijiuliza atoe hela sasa au asubiri kidogo, anacheza gemu au anabeti? Kidole kile kile, robo ya sekunde ile ile. Aliyezoea kufungua makasha akiwa na miaka 13 hahitaji kufundishwa.

Nyumbani mambo ni madogo zaidi. Nimejifunza kutomwambia mpwa wangu "zima baada ya dakika kumi", kwa sababu dakika kumi zinakatika katikati ya mechi na kunifanya mimi adui wa marafiki zake watatu. Tunahesabu kwa mechi. Simu inalala sebuleni kwenye chaji, na hilo ndilo lililozua kesi kubwa kuliko yote. Nilimuuliza pia, kwa kuzunguka, shuleni kukoje, nikapata majibu mafupi ambayo bado nayafuatilia na dada yangu. Kuna mtoto mmoja huko anayemsumbua, na kwenye gemu hakuna anayemsumbua.

Jioni ya mwisho kabla hajarudi kwao tulikubaliana mechi mbili. Ya kwanza alitolewa mapema. Ya pili alibaki wa pili, na nikajua tumekwisha. Skrini ikaanza kuhesabu yenyewe: tano, nne. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Akanisukumia simu kifuani bila kuniangalia.

"Shika, mjomba," akasema. "Shika haraka."